Nilifeli mtihani wa cheti. Je, GI Bill itanirudishia ada?

*Swali: Ndugu mshauri, mimi ni Mkenya niliyejiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2014 kupitia MAVNI, ule mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi adimu kama lugha. Kiswahili ndicho kilichoniingiza. Nilitumikia miaka sita kama fundi wa kompyuta, 25B, nikatoka kwa heshima mwaka 2020. Sasa naishi Texas. Miezi tisa iliyopita nilifanya mtihani wa CISSP, cheti cha usalama wa mifumo ya kompyuta, dola 749 za mfukoni mwangu, nikafeli. Rafiki niliyetumikia naye aliniambia nizisahau hizo hela: eti VA, wizara ya maveterani ya Marekani, humlipa aliyefaulu tu, na hata ukilipwa, kila mtihani unakula mwezi mzima wa GI Bill, ile haki ya veterani kulipiwa masomo inayohesabiwa kwa miezi. Nimebakiwa na miezi 14 na nataka kumaliza digrii. Nidai au niache? Kuna pia kozi ya siku sita ya kujiandaa, dola 3,500, nayo italipwa? Na mke wangu ni nesi aliyesomea KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, anataka kufanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, huku. Anaweza kutumia GI Bill yangu?*

Dai, ndugu yangu, na udai wiki hii. Hilo nalitanguliza kwa sababu umeandika "miezi tisa iliyopita", na hapo ndipo nilipostuka. Kwa kawaida VA hairudi nyuma zaidi ya mwaka mmoja kwenye madai ya namna hii. Ukiendelea kujiuliza hadi miezi mitatu iishe, swali litakuwa limejijibu lenyewe, na jibu halitakupendeza.

Nimesoma barua yako mara kadhaa na naona mzigo wake si dola 749 peke yake. Umefeli, umeona aibu, halafu rafiki akakwambia kwamba kufeli huko kumekufutia na haki. Rafiki yako hana nia mbaya, ila amechanganya mambo mawili: moja halijawahi kuwa kweli, na la pili lilikuwa kweli zamani.

Tuanze na lile ambalo halijawahi kuwa kweli. VA hurejesha ada ya mtihani, na mtihani ni mtihani hata ukifeli. Haki hii ilitungiwa sheria mwaka 2000 ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2001. Kabla ya hapo fedha za GI Bill zilikuwa zikienda kwenye masomo na mafunzo. Fundi aliyetengeneza injini za helikopta kwa miaka minane, au mhudumu wa tiba aliyefunga vidonda vitani, alikuwa anatoka jeshini na ujuzi wote mikononi bila karatasi ambayo mwajiri wa kiraia anaitaka. Hakuhitaji kurudi darasani miaka minne. Alihitaji kukaa kwenye chumba cha mtihani na kuthibitisha anachokijua. Ndiyo maana sheria ikasema: tutalipia huo mtihani, hadi dola 2,000 kwa kila mmoja, ufaulu usifaulu, na ukitaka kurudia tutalipia tena. Hakuna idadi ya mitihani iliyowekwa kuwa mwisho, mradi bado una miezi kwenye akaunti yako. Hata mtihani uliokwisha kuufaulu, kama unautakiwa tena ili kuhuisha cheti chako, unaingia humo.

Kwa hiyo dola zako 749 unaweza kuzidai. Na ukirudia CISSP, nakutia moyo urudie, nazo utaweza kuzidai kwa fomu ya pili.

Sasa hili la mwezi mzima. Rafiki yako pengine alisikia kwa mtu aliyetumia haki hii miaka ya nyuma, maana chini ya Post-9/11 GI Bill, yaani GI Bill ya waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001, mambo yalikuwa hivyo kweli. Mpango ulipoanza Agosti 2009 uliruhusiwa mtihani mmoja tu. Kuanzia Agosti 2011 ikaruhusiwa zaidi ya mmoja, lakini hesabu ya miezi ilikuwa ya kuumiza: ulikuwa unadai ada ya dola 200 unakatwa mwezi kamili, sawa na mtu anayekwenda dukani kununua kilo moja ya unga akalipishwa gunia. Watu wengi wenye akili timamu waliamua kulipa wenyewe, na walikuwa sahihi kufanya hivyo.

Kisha ikaja sheria ya 2017 ambayo watu huiita Forever GI Bill. Jina lake rasmi limebeba jina la Harry W. Colmery, mwanasheria wa chama cha maveterani cha American Legion aliyeandika kwa mkono rasimu ya GI Bill ya kwanza, ile iliyopitishwa mwaka 1944. Sheria hii ndiyo iliyorekebisha hesabu. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 unakatwa sehemu ya mwezi inayolingana na ada uliyorejeshewa. Dola 749 zitakukata sehemu tu ya mwezi. Ni sheria hiyohiyo iliyoondoa ukomo wa miaka 15 kwa waliotoka jeshini kuanzia tarehe 1 Januari 2013, na wewe umo. Kwa hiyo miezi yako 14 haiozi. Kama kuna mtu anakutisha kwamba itakwisha muda, huyo naye anazungumzia sheria ya zamani.

Swali lako la msingi lakini ni hili: hata kama ni sehemu ya mwezi, je, inafaa kuitoa wakati unataka digrii? Hapa nataka tufanye hesabu kwa utulivu, kwa sababu mwezi wa GI Bill hauna thamani moja kwa kila mtu. Ukiwa chuo kikuu cha umma hapo Texas, mwezi mmoja unalipia karo yako na juu yake unapokea posho ya nyumba, ambayo kwa mwanafunzi wa muda wote anayehudhuria darasani hupimwa kwa kiwango cha sajenti wa ngazi ya E-5 mwenye familia, kulingana na mahali chuo kilipo. Kwenye mji ambao kodi za nyumba ziko juu, mwezi huo una thamani kubwa. Mtihani hauna posho ya nyumba. Unarudishiwa ada tu.

Muhula mmoja wa kawaida hula miezi minne na kidogo. Miezi 14 inakutosha mihula mitatu, na itabaki kidogo. Ukidai mtihani uliofeli, na ukaja kudai na wa marudio, bado mihula mitatu hiyo unayo. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: ukiwa chini ya Post-9/11 na miezi yako ikaisha katikati ya muhula, VA huendelea kukulipia hadi muhula huo umalizike. Unachotakiwa ni kuingia kwenye muhula ukiwa bado na akiba, hata kama ni siku chache. Kwa hiyo kwa mtu aliye mahali ulipo, kukatwa sehemu ya mwezi kwa ajili ya mitihani miwili kuna uwezekano mkubwa kusikuguse hata kidogo.

Ningekuwa na ushauri tofauti kwa mtu ambaye akiba atakayoingia nayo kwenye muhula wake wa mwisho ni siku chache tu. Huyo namwambia apige hesabu ya siku kwa siku kabla ya kudai, na kama ada yenyewe ni dola 60, ailipe aachane nayo. Vilevile mtu anayejua kwa hakika kwamba hatarudi shuleni tena, miezi yake imelala tu, huyo adai kila mtihani bila kusitasita.

Sasa tuone kinachorejeshwa na kisichorejeshwa, maana hapa ndipo madai mengi yanapokwama. VA hulipa ada ya kufanya mtihani, pamoja na gharama za usajili au usimamizi wa mtihani ambazo kila mtahiniwa hutozwa. Leseni yenyewe ikishatoka, ada ya kupewa hiyo leseni ni juu yako. Vitabu, maswali ya mazoezi, mafuta ya gari, hoteli uliyolala kuamkia mtihani, na ile ada ya kila mwaka ambayo ISC2, shirika linalotoa cheti hicho, huwatoza wenye CISSP, vyote hivyo havimo. Mfano mzuri ni wauguzi: dola 200 wanazolipa Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani, kwa ajili ya NCLEX ni ada ya mtihani, lakini hela wanazopeleka kwenye bodi ya uuguzi ya jimbo kuomba leseni si ada ya mtihani. Ukizijumlisha kwenye mstari mmoja wa fomu, unajitafutia barua ya maswali. Ziandike mbalimbali na udai ile inayostahili.

Fomu inaitwa 22-0803, inapatikana bure kwenye tovuti ya VA. Ni fupi. Utaandika jina la mtihani, chombo kinachoutoa, tarehe uliyofanya na kiasi ulicholipa, kisha uambatanishe risiti na matokeo. Risiti itafute kwenye barua pepe zako, siku ile ulipojisajili na Pearson VUE walikutumia. Matokeo ni ile karatasi uliyopewa mapokezini ulipotoka chumba cha mtihani. Najua ni karatasi ambayo mtu anatamani kuichana. Natumaini hukuichana, na kama uliichana, ingia kwenye akaunti yako au waandikie ISC2 wakupe uthibitisho kwamba ulifanya mtihani. Kwa kuwa ulishatumia GI Bill shuleni, huna haja ya kuomba upya ustahiki. Ambaye hajawahi kuitumia kabisa anatakiwa aanze na fomu 22-1990. Na usimsumbue afisa wa chuo anayethibitisha usajili wako kila muhula. Yeye anahusika na masomo, na dai la mtihani unalipeleka VA mwenyewe, kwa mtandao au kwa posta kwenye anwani iliyo kwenye fomu.

Kabla hujatuma, fungua GI Bill Comparison Tool kwenye tovuti hiyohiyo, kuna sehemu ya kutafuta mitihani iliyoidhinishwa. CISSP utaikuta. Nalisema hili zaidi kwa ajili ya wasomaji wengine wenye mitihani isiyojulikana sana: mtihani usipoonekana pale haimaanishi umekataliwa. Tuma dai, VA watauchunguza kama unastahili kuidhinishwa. Hela zikitoka zinaingia kwenye akaunti yako ya benki, na hazikatwi kodi.

Zingatia kwamba huu ni utaratibu wa kurudishiwa. VA hawatakulipia mtihani kabla, kwa hiyo lazima uwe na ada mkononi kwanza. Kwa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba, dola 749 si jambo dogo, na hapo ndipo ninapotaka kukuonyesha njia nyingine kwa ajili ya jaribio lako la pili. Chuo Kikuu cha Syracuse kinaendesha mpango unaoitwa Onward to Opportunity, kwa wanajeshi wanaotoka, maveterani na wenzi wao. Mafunzo ni bure, na ukimaliza wanakulipia mtihani mmoja wa cheti. CISSP imekuwa miongoni mwa njia wanazofundisha. Hakuna hata siku moja ya GI Bill inayoguswa. Mimi ningekuwa wewe ningeanza huko, nikabakiza fomu 22-0803 kwa mtihani ule wa kwanza peke yake.

Hii inanifikisha kwenye kozi ya siku sita ya dola 3,500. Nenda nayo polepole. Ada ya kozi haimo kwenye dai la mtihani, hata muuzaji akikwambia kwamba "GI Bill inalipa". Ni kweli kwamba katika miaka ya karibuni imefunguliwa njia ya kurejeshewa kozi za kujiandaa na mitihani ya leseni na vyeti, ina fomu yake yenyewe, lakini kozi hiyo lazima iwe imeidhinishwa, na kozi nyingi za haraka zinazotangazwa mitandaoni haziko kwenye orodha. Usimuulize muuzaji. Piga simu VA, kitengo cha elimu, 888-442-4551, uwatajie jina la kozi na la kampuni, uulize kama imeidhinishwa, na ufanye hivyo kabla hujatoa kadi yako. Na hata ikiwa imeidhinishwa, jiulize kama siku sita ndizo ulizokosa. CISSP inapima fikra za meneja wa usalama kwenye maeneo manane mapana, na mafundi hodari wengi hufelishwa na mazoea ya kujibu kifundi. Ripoti ya waliofeli huonyesha maeneo ambayo ulikuwa dhaifu. Anzia hapo.

Kama una asilimia yoyote ya ulemavu uliotokana na utumishi, angalia pia mpango wa VA wa kuwarudisha maveterani kazini, ambao wengi huuita Chapter 31 au VR&E. Unakaa na mshauri, mnapanga kazi unayolenga, na mpango ukikubaliwa unaweza kulipiwa mafunzo, mitihani na hata vifaa. Ni mpana kuliko GI Bill. Watu wetu wengi wanauogopa kwa sababu wanaona kusema "nina ulemavu" ni kujishusha. Goti lililoharibika kwa kuruka kutoka kwenye lori la jeshi kwa miaka sita ni goti lililoharibika kazini, na sheria inalitambua hivyo.

Sasa tumgeukie shemeji. Hapa nina habari ambayo hutaipenda. Chini ya Post-9/11, kuhamisha miezi kwa mke au watoto hufanywa ukiwa bado umevaa sare. Kwa kawaida unatakiwa uwe umetumikia miaka sita na ukubali kuongeza minne. Ukishatoka bila kuhamisha, mlango umefungwa, na kwa maelezo yako sioni kama ulihamisha. Kama una shaka, angalia nyaraka zako za mwaka 2020. Walioruhusiwa kuhamisha walipewa uthibitisho kwa maandishi. Ikiwa ulihamisha, yeye anaweza kudai ada ya NCLEX kama wewe unavyodai yako.

Njia ya pili kwake inategemea hali yako ya kiafya. Veterani akithibitishwa kuwa na ulemavu wa kudumu na kamili uliotokana na utumishi, mke wake hupata haki yake mwenyewe, Chapter 35, na humo mitihani ya leseni imo. Kama una dai la ulemavu ambalo halijaamuliwa, liweke akilini.

Kama hakuna kati ya hayo, dola 200 za NCLEX zitatoka kwenu, na kusema kweli hizo ndizo ndogo. Kwa nesi aliyesomea Kenya, gharama na muda mwingi vinakwenda kwenye tathmini ya vyeti, ambayo mara nyingi hufanywa na shirika la TruMerit, zamani likiitwa CGFNS: chuo kinatakiwa kitume rekodi za masomo moja kwa moja, na Baraza la Wauguzi la Kenya lithibitishe usajili wake. Hata angekuwa na GI Bill, tathmini hiyo isingelipwa, kwa sababu si mtihani. Mwambie mkeo aanze kusukuma hizo rekodi sasa hivi akiwa na ndugu huko nyumbani wa kufuatilia, na aende ofisi ya ajira ya umma iliyo karibu nanyi aulize kama fedha za mafunzo ya kazi zinaweza kumsaidia ada za leseni. Ofisi hizo hutofautiana, nyingine zina fungu hilo.

Kwa wasomaji ambao bado wamo jeshini, msisubiri mtoke. Kila tawi la jeshi lina tovuti yake ya COOL inayoonyesha vyeti vinavyolingana na kazi yako, na jeshi linaweza kulipia mtihani moja kwa moja ukiwa bado kazini, bila kugusa GI Bill. Madereva wa malori ya kijeshi wana nafuu nyingine: aliyeendesha kwa miaka miwili anaweza kuomba asamehewe mtihani wa barabarani wa leseni ya magari makubwa, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja tangu atoke kwenye kazi hiyo. Tena majimbo kadhaa, Texas ikiwamo, yana sheria za kuwasamehe maveterani ada fulani za leseni. Ulizeni bodi ya taaluma yenu kabla hamjalipa, kwa sababu hela iliyokwisha kulipwa ni ngumu kuirudisha.

Ni lini utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana? Ukipata barua ya kukataliwa, usiitupe droo. Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi upitiwe upya, kwa kuongeza ushahidi, au kwa kumtaka afisa wa ngazi ya juu aangalie tena, au kwa kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani. Kuchagua njia isiyofaa kunaweza kukupotezea miezi mingi. Vilevile tafuta mtu kama hesabu yako ya miezi inaonekana tofauti na ulivyotarajia, au kama unastahili zaidi ya mpango mmoja wa GI Bill. Karibu kila kaunti ya Texas ina afisa wa huduma za maveterani, na vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa. Hao wote hawatozi kitu. Mtu kwenye kundi la WhatsApp anayetaka asilimia ya hela zako ili akujazie fomu ya kurasa chache, mkatae kwa adabu.

Ukienda kwa afisa wa kaunti, beba DD-214, ile hati yako ya kutoka jeshini, risiti ya Pearson VUE, karatasi ya matokeo, barua yako ya karibuni kutoka VA inayoonyesha miezi iliyobaki, na maelezo ya akaunti yako ya benki. Mkiikamilisha fomu, itume siku hiyohiyo na uhifadhi nakala yenye tarehe.